Msuli Ukichanika: Siku Kumi na Nne za Kwanza

Mwongozo kwa mvuvi, mbeba mizigo, mkulima na mwendesha baiskeli wa Mpala na vijiji vingine vya ufukwe wa Tanganyika

Alfajiri mitumbwi inaporudi Mpala, kazi inakuwa bado haijaisha. Kuna chombo cha kuvutwa hadi mchangani, kuna nyavu nzito zilizolowa maji, kuna injini ya kubebwa begani. Hapo ndipo wengi huumia. Unakita mguu mchangani, unasukuma, halafu unasikia nyuma ya mguu kama umepigwa jiwe. Unageuka kumtafuta aliyelirusha. Hakuna mtu. Ni msuli wa shavu la mguu umechanika.

Kabla jua halijawa kali utakuwa umeshauriwa na watu wanne. Wa kwanza atataka ukandwe kwa maji ya moto, tena kwa nguvu, ili damu mbaya itawanyike. Wa pili ataleta wembe akuchanje. Wa tatu atakutuma famasi ukachomwe sindano ya deksa. Wa nne atakuambia jikaze, kesho urudi ziwani. Wote wanakutakia mema, na wote wana lengo moja: uvimbe na maumivu yatoke upesi. Mwongozo huu unakuomba uwe na subira na ule uvimbe. Katika siku za kwanza, uvimbe ule ni mafundi wa mwili wako walioingia kazini, na kila kundi la mafundi lina siku zake. Ukijua siku zao, utajua la kufanya na la kuacha.

LAKINI KWANZA: JE, NI MSULI TU?

Usiendelee na hatua yoyote ya hapa chini ukiona mojawapo ya dalili hizi. Nenda kituo cha afya, na ikibidi hospitali kuu ya Kalemie, siku hiyo hiyo.

[ ] Mfupa umepinda, au huwezi kukanyaga hata hatua nne.
[ ] Kuna shimo unaloligusa kwa kidole pale msuli ulipokuwa, au kano ya kisigino haishiki tena: ukilala kifudifudi na mtu akabonyeza shavu la mguu, unyayo hausogei.
[ ] Msuli umevimba ukawa mgumu kama ubao, maumivu yanazidi kila saa hata ukitulia, vidole vinakufa ganzi au vinapoa. Hapa saa chache tu zinaweza kukupotezea mguu.
[ ] Mkojo umekuwa wa rangi ya chai kavu au kola baada ya kazi nzito au baada ya kuangukiwa na mzigo. Msuli uliosagika umemwaga takataka zake kwenye damu, na figo ziko hatarini.
[ ] Ngozi imepasuka, au umeumwa na mamba, mbwa au nyoka. Kidonda kinahitaji kusafishwa, na chanjo ya pepopunda iulizwe. Kwa mbwa, uliza pia chanjo ya kichaa cha mbwa.
[ ] Mguu mmoja umevimba wote, una joto, na kifua kinabana au pumzi ni fupi.

Na dalili moja zaidi, ambayo katika nchi zetu za joto husahauliwa sana. Uliumia siku tano au kumi zilizopita, maumivu yakaanza kupungua, kisha yakarudi yakiwa na homa, na msuli umekuwa mgumu na wa moto. Huo si uvimbe wa mafundi tena. Mara nyingi ni usaha ndani ya msuli: vijidudu vilivyopita kwenye damu vimekuta mahali palipoumia vikakaa. Hupenda paja, tako na misuli ya kiunoni. Maji ya moto hayataondoa usaha. Unahitaji dawa za kuua bakteria, na mara nyingi usaha wenyewe utolewe. Mtu anayekandwa wiki mbili kwa ugonjwa huu anaweza kufa.

KWA NINI UVIMBE UNA KAZI

Mwangalie mzee anayetengeneza wavu uliopasuliwa na mwamba. Haanzi kwa kufunga uzi mpya. Anaanza na kisu. Anakata nyuzi zote zilizochakaa pembezoni mwa tundu mpaka afikie fundo zima, ndipo achukue sindano ya kushonea. Kijana asiyejua kazi huona kama mzee anazidi kuliongeza tundu. Mzee anajua kwamba uzi mpya uliofungwa kwenye uzi uliooza utafumuka usiku wa kwanza samaki wakijaa.

Mwili wako unatengeneza msuli kwa mpango huo huo. Msuli ni mafungu ya nyuzi ndefu, nyembamba kama unywele. Zikikatika, mishipa midogo ya damu hukatika pamoja nazo, na damu inamwagika katikati. Nyuzi zilizovunjika hutoa kemikali zinazopiga mbiu. Kinga ya mwili, ile ile inayopigana na malaria na kifua kikuu, inaitika.

Wa kwanza kufika, ndani ya saa chache, ni neutrofili. Hizi ni seli nyeupe za damu zilizo nyingi kuliko nyingine zote. Zinakuja na visu: vimeng'enya vya kuyeyusha kilichoharibika. Zina ukali, na zikikaa mno huumiza hata nyuzi nzima zilizo jirani, ndiyo maana maisha yake ni mafupi. Nyuma yake, kuanzia siku ya kwanza mpaka ya tatu hivi, zinaingia makrofaji, maana yake walaji wakubwa. Kazi yao ni kumeza mabaki ya nyuzi, damu iliyoganda na hata neutrofili zilizokwisha kufa. Joto, wekundu, uvimbe na maumivu unayoyasikia ni ishara za kazi hiyo: mishipa imepanuka ili wafanyakazi wapite, maji yamevuja pamoja nao, na neva zimeamka ili usiutumie mguu.

Aliyewaona walaji hao kwa mara ya kwanza wakikimbilia jeraha ni Élie Metchnikoff, mwaka 1882, huko Messina katika kisiwa cha Sicily. Alichoma miiba ya mti wa waridi kwenye kiluwiluwi cha kiti cha pweza, kiumbe ambacho mwili wake unapitisha mwanga kama kioo. Asubuhi akakuta seli zimeuzingira mwiba. Wakati huo madaktari wengi waliona seli hizo kama sehemu ya ugonjwa. Yeye alisema ni tiba, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Naona uchungu kwamba zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunawatibu walaji hao kama maadui.

Sasa linakuja jambo la ajabu zaidi. Makrofaji wakishamaliza kumeza, hawaondoki wote. Wanabadilika tabia. Mwaka 2007 watafiti wa Paris walionyesha katika panya kwamba makrofaji wale wale walioingia msulini kwa ukali hugeuka humo humo wakawa wapole na wajenzi. Walipowazuia wasifike tangu mwanzo, msuli haukuota upya. Makrofaji wakali huziambia seli za mbegu: ongezekeni. Makrofaji wapole huziambia: unganeni, muwe nyuzi.

Seli za mbegu ni zipi? Mwaka 1961 Alexander Mauro, akichungulia msuli wa mguu wa chura kwa hadubini ya elektroni, aliona seli ndogo zimejibana ubavuni mwa uzi wa msuli, kati ya uzi na ngozi yake nyembamba. Siku za kawaida zimelala. Msuli ukichanika zinaamka, zinagawanyika, zinaungana na kuwa nyuzi mpya. Chache zinarudi kulala, kama mkulima anayeweka mbegu ya msimu ujao. Bila hizo msuli haujitengenezi.

Kuna na wasimamizi. Mwaka 2013 watafiti wa Harvard walieleza jinsi aina ya seli za kinga zinazotuliza ugomvi, seli T za udhibiti, zinavyokusanyika kwenye msuli wa panya ulioumia wakati ule ule wakali wanapowapisha wapole, na jinsi zinavyotoa kitu kiitwacho amfiregulini kinachosaidia seli za mbegu. Katika panya wazee wasimamizi hawa hukusanyika wachache. Hapo utaelewa kwa nini baba wa miaka 60 asipimwe kwa kasi ya mwanawe wa miaka 20.

Mwisho, seli za kovu. Hizi hujenga jukwaa la muda ambalo nyuzi mpya hupandia. Makrofaji wakali huzipunguza zikizidi, na wapole huzilea. Ratiba ikivurugika, seli za kovu hubaki nyingi mno, na mahali pa msuli unaonyumbuka unapata kamba kavu isiyovutika.

┌─ RATIBA YA MAFUNDI ─────────────
Saa 0–24: damu inaganda, wakataji (neutrofili) wanaingia.
Siku 1–3: walaji wakali wanasafisha, seli za mbegu zinaamka na kuongezeka. Uvimbe na maumivu viko juu.
Siku 4–7: walaji wanageuka wapole, nyuzi changa zinaanza. Maumivu yanashuka, lakini mshono bado ni dhaifu.
Siku 8–14: nyuzi zinanenepa, kovu linakazwa. Msuli unahitaji kuvutwa kwa upole ili nyuzi zilale upande unaofaa.
Wiki ya 3 na kuendelea: nguvu zinarudi. Mchaniko mdogo hupona katika wiki 1 hadi 3, wa kati wiki 4 hadi 8, mkubwa huchukua miezi.
└──────────────────────────────

Siku hizi ni makadirio. Mwili wako unaweza kuchelewa kidogo au kuwahi.

HATUA ZA SAA 72 ZA KWANZA

1. Acha kazi pale pale. Msuli uliochanika robo huweza kuchanika wote kwa kusukuma mara moja zaidi. Mwombe mwenzako akamilishe.

2. Funga. Chukua bendeji pana, au kata kitenge kipande cha upana wa kiganja. Anzia karibu na vidole, panda juu ukipita mahali palipoumia, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Baada ya kufunga, bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, kisha achia. Wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Usiporudi, au vidole vikifa ganzi, legeza. Usiku legeza kwa vyovyote. Kufunga kunapunguza damu inayomwagika, na hilo ni jema, kwa kuwa damu nyingi ni takataka nyingi za kusafisha.

3. Inua mguu juu ya mto au gunia lililokunjwa, upite kimo cha moyo, kila unapolala.

4. Tumia ubaridi kwa maumivu tu. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungini, dakika 10, mara chache kwa siku ya kwanza, kinatosha. Usihangaike kutafuta barafu. Daktari wa Marekani Gabe Mirkin, aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzika, barafu, kufunga na kuinua, alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba barafu inaweza kuchelewesha uponaji. Na mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani, walipoweka barafu kwenye misuli ya panya iliyochanika vibaya, walaji walichelewa kufika na msuli ukachelewa kuota.

5. Kwa maumivu, meza parasetamoli. Mtu mzima: vidonge 2 vya miligramu 500, ukiacha saa 6 kati ya dozi na dozi, usizidishe vidonge 8 kwa siku. Mwembamba sana, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe kila siku asizidishe 4, na aulize muuguzi kwanza.

6. Usikae kama gogo. Chezesha vidole na kifundo cha mguu taratibu mara kadhaa kwa siku, bila kuvuta mpaka iume.

7. Kwa siku tatu hizi: hakuna maji ya moto, hakuna kuchua, hakuna chale, hakuna pombe. Joto na kuchua hufungua upya mishipa iliyokwisha kuziba. Wembe hufungua mlango wa pepopunda na usaha. Pombe hukufanya usahau kwamba umeumia.

Nieleze la kuchua kwa undani, maana lilinipata. Nikiwa kijana niligongwa pajani na ubao wa mtumbwi. Jirani aliyenipenda alinikanda kila jioni kwa maji ya moto na kiganja kizito, nami nikauma meno nikidhani ndiyo dawa. Baada ya wiki kadhaa pakabaki donge gumu, na goti halikunjiki mpaka mwisho. Msuli uliogongwa ukisuguliwa mapema, seli zake zinaweza kupotea njia zikaanza kutengeneza mfupa ndani ya nyama. Donge lile lilichukua karibu mwaka kupungua. Mama au dada anayejua kukanda ana nafasi yake, na ni nafasi nzuri: baada ya siku ya saba, kwa mafuta kidogo, kwa mkono mwepesi, akipandisha kuelekea moyoni, wala asibonyeze pale penyewe panapouma.

SINDANO YA DEKSA, NA NDUGU ZAKE

Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo watu wa ufukweni wanapopoteza misuli yao kwa fedha yao wenyewe.

Deksamethasoni na prednisoloni ni dawa za thamani kubwa. Zinaokoa mgonjwa wa pumu kali na mgonjwa ambaye kinga yake inamshambulia mwenyewe. Zinafanya hivyo kwa kuiamuru kinga yote ikae chini. Sasa fikiria amri hiyo ikitolewa siku ya kwanza ya mchaniko. Wakataji wanapungua, walaji hawaji kwa wingi, nyuzi zilizokufa zinabaki. Mzee wa wavu amenyang'anywa kisu chake.

Jioni ile ile maumivu yanapungua sana, na hapo ndipo mtego ulipo. Unajiona umepona, kesho unavuta mtumbwi kwa msuli ambao haujashonwa hata uzi mmoja, nao unachanika mara mbili ya mwanzo. Zaidi ya hayo, deksa inayorudiwa rudiwa hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, na huamsha kifua kikuu kilicholala. Ukiuziwa mezani sokoni bila kupimwa, kataa. Lakini kama daktari amekuandikia dawa hizi kwa ugonjwa mwingine, usiziache ghafla kwa sababu ya mwongozo huu. Kuziacha ghafla nako ni hatari. Mwambie tu kwamba umeumia.

Diklofenaki, ibuprofeni na indometasini ni za kundi jingine. Hazizimi kinga yote, ila hupunguza kemikali za uvimbe, na baadhi ya kemikali hizo ndizo zinazoziamsha seli za mbegu. Katika panya, dawa za kundi hili zimechelewesha msuli kuota. Kwa binadamu majibu yanatofautiana, na siku mbili au tatu za kidonge kwa maumivu makali haziwezi kukuharibia msuli. Shauri langu: parasetamoli kwanza. Ukihitaji ibuprofeni, iwe kwa siku chache, baada ya chakula, ukiwa umekunywa maji ya kutosha. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiiguse bila kuuliza.

Tena kumbuka kwamba sindano ya msulini yenyewe ni jeraha la msuli. Mashariki mwa Uganda, hasa eneo la Kumi, wapasuaji wamekuwa wakipokea watoto wengi wasioweza kuchuchumaa wala kuketi vizuri kwa sababu misuli ya matako imegeuka kamba za kovu. Wanaolichunguza tatizo hilo wamelihusisha na sindano za matakoni zilizorudiwa, hasa za kwinini, dawa inayounguza nyama. Wengine wamepooza mguu kwa kuwa sindano iligusa neva kubwa inayopita humo. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza artesunate badala ya kwinini kwa malaria kali ya watoto, kama ilivyokuwa imeshapendekezwa kwa watu wazima.

┌─ ULIZA KABLA YA KUCHOMWA ───────
• Je, dawa hii ipo ya vidonge? Kama mgonjwa anaweza kumeza na hatapiki, kwa nini sindano?
• Jina lake ni lipi? Naomba niione chupa.
• Kwa mtoto mdogo: tafadhali choma mbele ya paja, upande wa nje, usichome tako.
Kuuliza si dharau. Muuguzi mwema atakujibu.
└──────────────────────────────

KUANZIA SIKU YA TATU: MSULI UNATAKA KAZI NDOGO

Kosa la pili, baada ya kurudi ziwani mapema mno, ni kulala mno. Watafiti wa Finland wakiongozwa na Järvinen walionyesha kwa miaka mingi kwamba msuli wa panya uliopumzishwa siku chache kisha ukaanza kutembezwa hupona ukiwa na nguvu kuliko ule uliofungwa wiki nyingi. Sababu yake ni nyepesi. Nyuzi changa hazijui zielekee wapi. Zinapovutwa kwa upole zinajipanga sambamba, na mishipa mipya ya damu inaota. Zisipovutwa zinalala ovyo, kovu linatanda.

Kanuni ya maumivu: jipe alama kutoka 0 mpaka 10. Zoezi likileta 3 au chini, endelea. Likifika 4, punguza. Na kesho asubuhi ukiamka pakiuma kuliko jana, rudi ngazi moja nyuma kwa siku mbili.

Kwa shavu la mguu (mfano wetu):

1. Siku ya 3 hadi 5. Keti, sukuma unyayo dhidi ya ukuta bila kuusogeza, hesabu mpaka 10, pumzika. Mara 10, asubuhi na jioni. Tembea ndani ya ua kwa hatua fupi, na fimbo kama unaihitaji.

2. Siku ya 5 hadi 8, kama hatua ya kwanza haiumi. Shika ukingo wa mtumbwi uliovutwa nchi kavu, simama kwa visigino vyote viwili, panda kwenye vidole, shuka taratibu. Mara 10, mizunguko 3.

3. Siku ya 8 hadi 14. Panda kwa miguu yote miwili, shuka kwa mguu ulioumia peke yake. Hapa sasa unaweza kuanza kunyoosha: mikono ukutani, mguu ulioumia nyuma, kisigino chini, hesabu 20. Kunyoosha kwa nguvu kabla ya hapa ni kuvuta mshono mbichi.

4. Kuanzia wiki ya tatu. Kupanda kwa mguu mmoja, kutembea mchangani, kisha kutembea mchangani na mzigo mdogo. Ongeza uzito kidogo kidogo, tuseme kilo 5 kila baada ya siku mbili au tatu.

Nyuma ya paja fuata mpango ule ule, ila ongeza wiki moja kila ngazi, maana msuli huo ni mwepesi kuchanika tena. Paja la mbele lililogongwa: siku ya kwanza kaa goti likiwa limekunjwa kadiri usivyoumia, ili msuli usikauke ukiwa mfupi. Mgongo wa mbeba magunia: usilale kitandani zaidi ya siku mbili, tembea kidogo kila saa. Maumivu ya mgongo yanayoshuka mpaka mguuni, yanayolegeza mguu au yanayozuia mkojo ni ya hospitali.

CHAKULA NA USINGIZI

Bukari peke yake haijengi msuli. Unga wa mihogo una protini kidogo sana. Bahati yetu ni ziwa. Ndakala wakavu ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao, na kiganja kimoja kilichojaa mara mbili kwa siku kinafanya kazi kubwa. Siku ambazo hakuna samaki, maharage na karanga. Ongeza sombe, papai, pera au ndimu, kwa sababu kolajeni, kamba ya jukwaa lile, haisukwi bila vitamini C. Tafadhali mgonjwa asiuziwe samaki wote akabakiziwa mchuzi. Mama wa nyumba, nakuomba hili kwa moyo: wiki mbili hizi, kipande chake kisipungue.

Mvuvi wa usiku anayeumia hulala mchana kwa vipande. Jitahidi upate saa 7 au 8, ndani ya chandarua. Malaria ikikupata katikati, kinga inagawanywa katika vita viwili. Sigara nayo hubana mishipa ile ile midogo inayopitisha mafundi. Mwenye kisukari au anayeishi na virusi vya ukimwi asiache dawa zake hata siku moja, na jeraha lake alitazame kwa karibu zaidi.

KABLA YA KURUDI KAZINI

Weka alama kila unachoweza. Kisipotimia kimoja, subiri.

[ ] Nabonyeza mahali pale na hapaumi.
[ ] Napanda kwa mguu mmoja mara 20, sawa na mguu mzima.
[ ] Naruka kwa mguu ulioumia mara 10 bila woga.
[ ] Natembea mchangani dakika 20 na nusu ya mzigo wangu wa kawaida, na kesho yake pako kimya.
[ ] Nimekubaliana na wenzangu kwamba wiki ya kwanza nakaa kwenye kasia au taa, sivuti chombo.

Hilo la mwisho ni gumu, kwa kuwa asiyevuta huonekana hastahili fungu lake. Zungumza na mwenye chombo mapema, kabla ya kwenda, si mkiwa ufukweni. Wiki moja ya kukaa kwenye taa ni hasara ndogo kuliko miezi miwili ya kukaa nyumbani.

KARATASI YA KUPELEKA KITUONI

Ukilazimika kwenda kituo cha afya au kusafiri mpaka Kalemie, nakili haya kwenye karatasi, ujaze, uyakabidhi. Safari ni ndefu, na ukifika umechoka utasahau.

Tarehe na saa ya kuumia: ..............
Nilikuwa nafanya nini. Nilisikia mlio au pigo? ..............
Mahali panapouma (chora mguu au mgongo, weka alama): ..............
Homa: ndiyo / hapana. Ilianza siku gani? ..............
Rangi ya mkojo: ..............
Nimekandwa, kuchuliwa au kuchanjwa? Lini? ..............
Dawa nilizomeza au kuchomwa, hata ambazo sijui jina lake (beba pakiti au chupa): ..............
Chanjo ya pepopunda ya mwisho: ..............
Magonjwa niliyonayo na dawa za kila siku: ..............
Kwa mwanamke: nina mimba? ..............